Tahajia Huanzia Sikioni

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi. Nimeombwa niseme nanyi juu ya michezo ya nyumbani inayomsaidia mtoto mdogo kuendeleza maneno, yaani kuyaandika kwa herufi zake sawasawa. Nitaisema, lakini kwanza niungame.

Mwanangu alipokuwa na miaka 6 alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba chake. Aliandika kwa herufi kubwa, kwa penseli aliyoikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: USIGIE NALALA. Mimi, mwalimu wa madarasa ya chini, mtu anayeshinda akisahihisha imla, niliona nini? Niliona kosa. Nikachomoa kalamu nyekundu, nikaikata ile "usigie", nikaandika juu yake "usiingie", nikaenda zangu. Jioni karatasi haikuwapo. Hakubandika nyingine kwa miezi, na daftari lake la kujiandikia nilikuja kulikuta chini ya godoro.

Sasa tuitazame ile karatasi kwa utulivu ambao mimi siku ile sikuwa nao. "Nalala" kaipata yote. "Usiingie" ina silabi tano: u-si-i-ngi-e. Yeye kaandika nne. Zile i mbili zinazofuatana kazisikia kama moja, na ukilisema neno hilo haraka utakubali kwamba hata wewe huzitenganishi sana. Halafu ile n iliyo mbele ya g hakuihesabu kuwa sauti yenye haki ya kupewa herufi yake. Aliisikia, ila kwake ilikuwa ni g inayotokea puani. Hilo si uzembe. Mwaka 1971 Mmarekani Charles Read alichapisha uchunguzi juu ya watoto waliojiandikia maneno ya Kiingereza kabla ya kuanza shule, akaonyesha kwamba nao huiacha m au n inayotangulia konsonanti. Lugha nyingine kabisa, sikio lile lile. Kwetu "nyumba" inakuwa "nyuba" na "kitanda" kinakuwa "kitada", na mzazi anadhani mtoto hakusoma. Kasoma. Ameandika alichosikia, na alichosikia bado kinakua.

Ndiyo maana michezo yote nitakayowaeleza inaanzia sikioni. Nasisitiza hivyo kwa sababu mkitafuta michezo ya tahajia, mingi mtakayoipata ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kule mtoto hana budi kuikariri sura ya neno, maana herufi na sauti zilishaachana zamani. Wamarekani wana shindano la kitaifa la kuendeleza maneno tangu 1925, na watu wanakaa kulitazama kama wanavyotazama mpira. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, wakakuta wale wa Kiingereza wanatumia zaidi ya mara mbili ya muda kufikia msingi ambao wenzao wa lugha zinazoandikwa kama zinavyosikika, kama Kifini, wanaufikia mapema. Kiswahili kimekaa upande wa Kifini. Kwa hiyo mtoto akikaririshwa orodha ya maneno 20 kila wiki kwa Kiswahili, anabebeshwa mzigo usio wake. Ugumu wetu uko kwingine: katika kuikata sauti mahali panapostahili, katika jozi chache za sauti zinazofanana, na katika kujua neno linaishia wapi.

Nianze na kukata. Tafuteni vizibo vya chupa, kama kumi hivi. Hakuna kalamu, hakuna karatasi. Unasema neno, mtoto anasogeza kizibo kimoja kwa kila silabi. "Paka": viwili. "Kitanda": vitatu. Wazo la kuwapa watoto vibao wavisogeze kwa kufuata sauti lilienezwa na mwanasaikolojia wa Kirusi Daniil Elkonin. Yeye alihesabu sauti moja moja, lakini kwa Kiswahili mimi huanza na silabi, kwa kuwa silabi zetu karibu zote zinaishia na vokali na mtoto anazihisi hata mdomoni, kwa jinsi kidevu kinavyoshuka.

Vizibo vikishazoeleka, leteni "mtoto". Hapo mchezo unanoga. Watoto wengi watasogeza viwili. Wengine watasogeza vitatu lakini watasema "mu-to-to", na wakishika penseli wataandika "mutoto". Msiwacheke. Hiyo u ilikuwapo. Kiganda kinasema omuntu, Kinyarwanda kinasema umuntu, sisi tumeimeza u tukabaki na "mtu", ila m ikarithi nafasi yake ikawa silabi peke yake. Basi m ya "mtoto" inapewa kizibo chake yenyewe. Mimi huchagua chenye rangi tofauti, nikakiita kizibo cha mfalme, maana kinakaa bila vokali na hakuna wa kukiuliza. N ya "nchi" nayo inacho. M ya "mbuzi" haina, kwa sababu imeshikana na b: mbu-zi, viwili.

Na kwa wale wanaopenda kuchokonoa zaidi, chukueni "mbuni". Mbuni yule ndege mkubwa ana vizibo viwili, mbu-ni. Mbuni mti wa kahawa una vitatu, m-bu-ni. Kwa maandishi hayana tofauti hata nukta. Nimemwona mtoto wa miaka 7 akikaa na neno hili robo saa nzima, analisema hivi, analisema vile, anasogeza kizibo mbele na nyuma kama mtu anayecheza bao. Hakuna imla iliyowahi kumkalisha robo saa.

Mchezo wa pili mnaujua wote, ila hamkujua kuwa ni somo. Ni kinyume. Tulipokuwa wadogo tuliutumia kuficha siri: unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, "kata" inakuwa "taka", "mbuzi" inakuwa "zimbu". Hakuna mtu anayeweza kusema kinyume kabla ya kulikata neno sawasawa kichwani. Mtoto aliyekuwa akiandika "nyuba" mwambie aligeuze neno "nyumba". Akisema "banyum", ameiacha m nyuma, na sasa wote wawili mnasikia imekaa vibaya, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno linaloishia na m. Akisema "mbanyu", amekwisha kuishika ile mb kama kitu kimoja. Mpe penseli wakati huohuo aandike, utaona. Kwangu huu ndio mchezo ninaouthamini kuliko yote, na mnaweza kuucheza mkiwa njiani, mkiwa mnafua, mkiwa gizani umeme umekatika.

Baada ya sikio unakuja mkono. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto wa pale herufi za karatasi ya msasa wazifuate kwa vidole, na baadaye herufi za kukatwa wazipange maneno hata kabla hawajaweza kuandika kwa kalamu. Ni jambo la akili sana. Kuunda herufi kwa vidole ambavyo bado ni vigumu ni kazi moja, na kulijenga neno ni kazi nyingine. Ukimpa mtoto zote mbili kwa pamoja, moja itaharibika.

Nyumbani hatuhitaji kununua kitu. Kata boksi kuukuu vipande vidogo, andika silabi, si herufi. Jaribuni na sita tu: ka, ta, ma, li, pa, ki. Mwacheni mtoto apange. Atapata kata, taka, kama, kali, paka, pata, mali, lima, lipa, kima. Akichangamka atapata kamata. Siku moja mtoto aliniletea "pakata" na akaniuliza kama ni neno. Nikamwambia njoo nikuonyeshe, nikampakata. Akipanga kisicho neno, kama "litaki", mwombeni aeleze litaki ni mnyama gani na anaishi wapi. Amesoma silabi tatu bila kukosea, hilo ndilo mlilolitaka. Hermann Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyechapisha mwaka 1885 majaribio yake juu ya kusahau, aliyafanya kwa kujikaririsha silabi zisizo na maana, na moja ya mambo aliyoyagundua ni kwamba mazoezi yaliyotawanywa siku kadhaa yanashinda yaliyorundikwa mara moja. Dakika 10 leo, 10 keshokutwa. Jumamosi nzima ya tahajia ni adhabu.

Kwa kuandika kwenyewe, kidole kwenye mchanga, chaki sakafuni, maji ya brashi ukutani yanayokauka na kufuta kosa lenyewe. Au kuandikiana mgongoni: mmoja anachora silabi kwa kidole, mwingine anabahatisha. Hili sina haja ya kulieleza, mtoto ndiye atakayewafundisha, na mtachoka kabla yake.

Sasa zile jozi za sauti. Hapa wazazi wengi mnapandisha sauti, mnadhani mkisema "KA-LA-MU!" kwa nguvu mtoto ataacha kuandika "karamu". Tukumbuke tahajia hii ilitoka wapi. Mwaka 1928 kilichaguliwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ikashughulikia usanifishaji, pamoja na maandishi. Kwa hiyo "andika kama unavyotamka" ni kweli kwa anayetamka kama ilivyochaguliwa. Mtoto ambaye lugha ya kwanza nyumbani kwao haitenganishi r na l, au wakubwa wake wanasema "feza" na "selasini", hasikii tofauti kwa sababu hajawahi kuisikia. Kupiga kelele hakuongezi sikio.

Mfundisheni kuihisi. Chukueni kioo. Dh na th zinatoa ncha ya ulimi kati ya meno, z na s zinaificha. Simameni mbele ya kioo mseme "dhahabu" na "zawadi", na anayetoa ulimi pasipostahili kapoteza. Halafu wekeni kiganja kooni: kwenye "dhamana" koo linatetemeka, kwenye "thamani" linanyamaza mwanzoni. Mtoto akishajua kwamba koo lake lina injini inayowashwa na kuzimwa, atashika koo siku nzima, mtavumilia.

Kwa ng na ng' shikeni pua. Kweli, bana pua kwa vidole viwili. Sema "ngoma": inatoka, ingawa imekwaruza. Sema "ng'ombe": haitoki, maana sauti hiyo yote inapita puani na njia umeifunga. Kati ya hizo mbili, sauti isiyotoka pua ikibanwa ndiyo inayoandikwa na ritifaa, ile alama ndogo (') baada ya g. Watu wazima wengi huiacha ritifaa, nami nimesoma barua za walimu wenzangu zenye "ngombe". Mtoto aliyewahi kubana pua hasahau.

Kwa r na l, mtoto asimame akisikia r na achuchumae akisikia l: kura, kula, mahari, mahali, karamu, kalamu. Mzazi ambaye mwenyewe anazichanganya asione haya. Amwombe jirani, au mtoto mkubwa, aseme yeye, na mzazi achuchumae na kusimama pamoja na mtoto. Hakuna kinachomfurahisha mtoto kama kumwona mzazi amesimama pasipo pake.

Kuna jambo la tatu, la neno kuishia wapi, ambalo lenyewe tumelisababisha sisi walimu. Tumewafundisha silabi sana, basi mtoto anaandika "ni ta ku pe le ka" kama vipande sita. Upande mwingine kuna "kwasababu" iliyogandamana, na hiyo naiona hata kwenye matangazo ya watu wazima. Mimi hucheza mgeni. Tunajaribu kumwingiza mgeni katikati. "Kwa" na "sababu", mgeni "hiyo" anapita? Kwa hiyo sababu. Anapita, basi kuna mlango, ni maneno mawili. "Nita" na "kupeleka", mgeni "kesho" anapita? Nita kesho kupeleka. Watoto wanaangua kicheko, wanampiga mgeni teke. Hapiti, basi ni treni moja, kichwa na mabehewa yake, usilikate. Si kanuni ya kutosheleza kila neno, lakini kwa mtoto wa miaka 7 inatosha sana.

Kama mtoto bado ni mdogo kabisa, hata haya msiyaharakishe. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, katika kazi yao ya 1979 juu ya watoto wanaosema Kihispania, walieleza kipindi ambapo mtoto anaandika herufi moja kwa kila silabi. Kihispania, kama sisi, kimejaa vokali zinazosikika wazi. Basi mtoto wako akikuletea AA na kusema ameandika "baba", hajakosea, amekwisha kugundua kwamba neno lina vipande viwili na kila kipande kina sauti. Mwambie, naona baba yuko hapa. Muulize, midomo yako inafanya nini mwanzoni? Itajifunga. B itakuja.

Nimeulizwa mlangoni juu ya kusahihisha. Naam, tunasahihisha, ila kosa moja kwa siku, na si juu ya maandishi aliyoyatuma kama ujumbe. Ujumbe unajibiwa. Mchezo ninaoupenda hapa ni kusaka hazina: wewe unaficha kitu na kumwachia vikaratasi, kisha yeye anakufichia na kukuandikia. Mfuate kwa uaminifu. Ameandika "chini ya kitada"? Zunguka nyumba ukitafuta kitada, uliza kila mtu. Atakimbia mwenyewe kuchukua penseli, kwa kuwa sasa ile n inamcheleweshea mchezo. Upo pia ule wa mzazi kukosea makusudi, mtoto akiwa mwalimu mwenye chaki. Unafurahisha mno, lakini uchezeni kwa maneno ambayo mtoto tayari anayajua vizuri tu. Asiyejua bado atalichukua kosa lako akalifanya lake, na utalikuta kwenye daftari.

Na neno moja la haraka: mtoto anayeacha sauti nyingi kila siku, anayeongeza sauti ya redio, anayesema "ee?" mara kwa mara, apelekwe akapimwe masikio kabla hamjamlaumu. Masikio yenye majimaji ndani hayajui mchezo wowote.

Yule wangu wa mlangoni nilimrudia kwa kumwandikia. Nilibandika karatasi kwenye mlango wangu mimi: NIKO NDANI, BISHA HODI MARA TATU. Nikasubiri siku nne. Siku ya tano alibisha mara tatu, nikafungua, hakusema kitu, akaniachia karatasi: NIMEBISHA. Ina m, ina b, ina sh, zote mahali pake. Kalamu nyekundu nilikuwa nimeshampa jirani.

Naona babu amenyoosha mkono. Anauliza, yeye hakwenda shule, amesikia vioo na vikaratasi, atamfanyia nini mjukuu? Babu, kinyume hakitaki shule. Hebu nigeuzie "nyumba". ... Mbanyu! Mmesikia? Amesema kabla sijamaliza. Haya babu, "mtoto". ... Anafikiri. ... "Tomto", anasema. Na yule dada kule nyuma anasema "totomu". Dada, rudia. Totomu. Tazameni ile u tuliyoimeza imerudi yenyewe. Nani yuko na babu? Nani yuko na dada? Vizibo viko hapa mezani, njooni mbele mbishane.